Mabula wa Kiangazi

Baba yangu aliitwa Mabula. Mvua kwa Kisukuma ni mbula, na karibu kila mtu huku Simiyu atakwambia kwamba mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula, wa kike Kabula. Nilipokuwa darasa la tatu kule Shishiyu tulikuwa na akina Mabula wanne, na mwalimu aliwatofautisha kwa vitongoji vyao. Mwaka juzi nilisoma orodha ya darasa la kwanza iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule ile ile. Niliisoma mara mbili. Jina hilo lilikuwemo, lakini mwishoni mwa mstari tu, pale yanapoandikwa majina ya babu.

Mimi niliishia darasa la saba. Niliyoyajua baadaye nimeyaokota vitabuni na kwa kuuliza watu. Kwa miaka mingi nimekusanya majina ya Kisukuma katika daftari lenye safu tatu: jina, maana, na aliyenieleza. Katika ukurasa wa kwanza niliandika: Mabula, baba yangu, alizaliwa mvua ikinyesha.

Mwanangu anayeishi Bariadi alipata mtoto wa kwanza, wa kiume, mwezi wa Agosti. Wakati huo baba alikuwa amevimba miguu na hawezi kulala bila kuegemezwa mito. Aliomba jambo moja tu, mtoto apewe jina lake na aletwe nyumbani, ampakate na kumwita yeye mwenyewe. Jina linaweza kurithiwa hata mwenyewe akiwa kaburini. Yeye alitaka kulikabidhi kwa mikono yake.

Mwanangu akanipigia simu.

"Baba, wewe ndiye mtaalamu wa majina. Mtoto wa Agosti, vumbi hadi kwenye meno, tutamwitaje Mabula? Mama yake anasema watu watatucheka."

"Kwa maana yake, halimfai," nikajibu, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

"Basi umetusaidia."

Jumapili nilikwenda kumweleza baba. Nilibeba daftari, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

"Ng'wanone, nani alikwambia mimi nilizaliwa mvua ikinyesha?"

Nilitazama safu ya tatu. Ilikuwa tupu.

"Nilizaliwa kiangazi, watu wakichoma maotea ya pamba mashambani baada ya mavuno," akasema. "Mabula alikuwa guku wangu, babu aliyenirithisha jina. Hiyo mvua ilikuwa ya kwake. Umewauliza wazee wa Maswa nzima, mimi niliyelala hapa hukuniuliza."

"Nisamehe, baba."

"Mpigie mwanao."

Simu ilikuwa mfukoni. Sikupiga. Nilikuwa nimekosea kwa kutohakikisha, sasa nikataka kuhakikisha kwanza. Aliyebaki wa kukumbuka siku ile alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Mwamanyili. Zilipita wiki tatu kabla sijapata nafasi ya kwenda.

"Umepanda basi hadi huku," shangazi akasema, "kuja kuniuliza kama mdogo wangu ni mwongo?"

"Si hivyo, shangazi. Nataka nipate uhakika."

"Kiangazi. Nilitumwa maji kisimani, nikakuta kumekauka, niliporudi ameshazaliwa. Haya, andika."

Nikaandika. Nilipompigia mwanangu, cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimeshatoka na mtoto ameshabatizwa kwa jina jingine. Hakunilaumu. Alisema watamwita Mabula nyumbani, na Krismasi watamleta mtoto ili babu ampakate. Krismasi mtoto alishikwa na homa. Pasaka mkwe wangu alikosa ruhusa kazini. Sikuwashurutisha. Ningeanzaje, wakati mimi ndiye niliyesema halimfai? Kila nilipoingia chumbani baba alitazama nyuma yangu, mlangoni, kisha akanisalimu.

Alifariki mwezi wa Juni. Mtoto aliletwa siku ya mazishi. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti. Tuliporudi kutoka makaburini shangazi alimchukua, akaketi naye kwenye mkeka, katika chumba ambamo kitanda cha baba kilikuwa kimeshatolewa. Akamweka mapajani, akamwita:

"Mabula."

Mtoto alikuwa akivuta pindo la kitenge chake.

"Mabula, guku wako alikungoja."

Alimwita mara ya tatu, kwa sauti kubwa kidogo, kama vile mtoto yuko mbali. Mama yake akatokea mlangoni na chupa ya uji, akataja lile jina la kwenye cheti, kwa upole tu, kumwonyesha kwamba chakula kiko tayari. Mtoto aligeuka mara moja, akanyoosha mikono.

"Mchukue, mayu," shangazi akamwambia mkwe wangu. "Anaitikia kwako."

Akamwachia.