Nywele za Msiba

Nilizaliwa na maji yanayojaa kichwani. Nikiwa mchanga niliwekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka hadi tumboni, ili maji yapate njia. Shuleni tulinyolewa wote, kwa hiyo kila mtu aliuona. Nilipomaliza la saba nikafuga nywele. Hapa Iringo, mtaani kwetu Musoma, nikawa msichana kama wengine, ila nilikaa peke yangu, nikiogopa mkono wa mtu usije ukanigusa kichwani.

Mwaka jana kichwa kilianza kuuma kila asubuhi, na nilitapika. Mama alininunulia dawa ya malaria. Nikanywa, haikusaidia, akanunua tena. Mpira ulikuwa umekaa kimya miaka mingi, hakuna aliyeufikiria.

Ndipo bibi akafariki, Butiama. Kwetu, baada ya mazishi wajukuu wote hunyolewa. Nilikaa mwisho kabisa. Aliyenyoa alikuwa shangazi.

"Na wewe toa kitambaa. Bibi yako humlilii?"

Nikatoa. Akanilowesha kwa maji ya sabuni, akaanza kunyoa.

"Huyu ana waya," alisema binamu yangu. "Unashika redio ya wapi?"

Wakacheka. Nilijaribu kucheka nao.

Shangazi hakucheka. Wembe ulikuwa umesimama nyuma ya sikio. Akabonyeza kwa kidole, taratibu.

"Mimi nilikuwaga namwogesha huyu akiwa mdogo," alisema. "Hapa hapakuwa na uvimbe. Wifi, njoo ushike."

Mama akashika. Aliacha mkono wake pale muda mrefu.

Kesho yake tulikwenda hospitali Bunda. Daktari akasema mpira umeziba, maji yanabana ubongo, tusirudi nyumbani. Tukapelekwa Mwanza, nikawekewa mwingine.

Niliporudi Musoma, binamu zangu walikuwa wameshaota nywele. Mimi nilikuwa nimenyolewa upya kwa ajili ya upasuaji. Sokoni, kitambaa kikiwa mabegani, mama muuza dagaa alinitazama kichwa.

"Pole na msiba, mwanangu. Umefiwa na nani?"

"Bibi," nilisema.

Akaniongezea dagaa kiganja kimoja. Nilitaka kumwambia kwamba asubuhi ile nimeamka kichwa hakiumi. Lakini alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine, nikafunga kitambaa changu nikaondoka.