Aliyesimamisha ngoma ya harusi ya Mama

Leo Mama kamuumbua mwalimu mstaafu mbele ya mtaa mzima, halafu Mama mwenyewe ndiye aliyebadilika.

Tulikuwa kikaoni hapa mtaani kwetu Magoudjou. Mwalimu anataka watoto wapigwe marufuku kwenye ngoma za harusi, zile za kukata viuno.

Kina mama tukamjia juu. Harusi gani isiyo na watoto?

Mama akasimama, akamnyooshea kidole.

"Wewe! Miaka ile ya mapinduzi, uhuru bado mbichi, uliingia harusini kwangu Ikoni na bunduki. Ukatuamuru tuache ngoma, eti harusi kubwa ni upuuzi. Nililia mbele ya wageni. Ulikuwa na umri gani?"

Jamani, mwalimu akavua kofia, akajibu.

"Miaka kumi na mitano."

Watu wakaguna. Nikajua kaumbuka.

Kumbe hajamaliza.

"Nilipewa mambo ya wakubwa ningali mtoto, dada yangu. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeniambia nirudi nyumbani."

Mama akaketi polepole.

Kura ya kuunga mkono marufuku ilipoitishwa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mama.

Wangu ulibaki mapajani. Wenu je?