Nyanya zilizofungwa kitambaa

Juzi, sokoni Baraka, mama jirani yangu alinitangulia kwa muuza mbegu. Aligeuza kopo la mbegu za nyanya, akalirudisha.

"Hizi hapana. Mi natafuta zile za bibi ya Papa huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Si umuombe yeye?" muuzaji akacheka.

Mama hakucheka. "Ziliishia kwenye kilio chake. Mi ndo nilichuma nyanya. Zilikuwa zimefungwa kitambaa, nikatia zote kwenye samaki. Bantu balikuwa bengi, Papa. Unisamehe."

Kitambaa kilikuwa alama ya huyo bibi yangu, marehemu mke wangu: hizi ni za mbegu, zisiguswe. Miaka yote alipanda mbegu zake mwenyewe, na sasa hazipo tena. Lakini kwetu nyumba ikifiwa, bamama huingia bustanini bila kuuliza, na aibu ni mgeni kulala njaa. Nimlaumu nani?

Nikamwuliza kama zilikuwa tamu.

"Tamu sana, Papa! Bantu balilamba vidole."

Nilifurahi kwa ajili yao. Mimi siku ile sikuweza kula.