Faili Mbili za Severine

Mwaka 2011 nilikuwa na kibanda cha kuuza nyimbo pale Maisaka, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko kibanda chenyewe. Wenzangu waliuza MP3. Mimi nilizidharau. Nilitunza muziki kwa FLAC, faili kubwa zinazobana wimbo bila kupunguza sauti hata kidogo, na mteja aliyekuja kujaza memori kadi nilimpa kwanza mhadhara. Wengi walihamia kwa jirani kabla sijamaliza.

Siku moja Mama Kindness alinijia na CD ya kwaya yetu, imechubuka vibaya. Mumewe, Severine, aliimba besi humo, na alifariki mtoto wao akiwa bado hajatembea.

"Baba Amos, Kindness ana miaka sita na hajui sauti ya baba yake. Jumamosi tuna misa ya kumkumbuka. Naomba asikie."

"Mama Kindness, hiyo kazi niachie mimi," nilisema, kana kwamba nimeombwa kumfufua.

Nilinakili CD kuwa FLAC kwa programu yangu ya zamani. Ilisomeka mara moja tu, kisha ikagoma kabisa. Nikapakua programu mpya, nikausafisha wimbo kwa siku tatu, halafu nikautengenezea FLAC nyingine kwa kiwango cha mwisho cha kubana, maana kile cha kawaida ni cha watu wa kawaida. Kuijaribu kwenye kompyuta nyingine? Ya nini! FLAC ni FLAC.

Jumamosi, baada ya misa, tulikaa uani kwa Mama Kindness, Sigino. Rogath, mwenyekiti wa kwaya, alileta laptop na spika. Nilisimama, nikahutubia kidogo kuhusu ubora wa sauti, nikachomeka flashi, nikabonyeza. Kimya. Laptop ikaandika kwamba faili haifunguki; programu yake haikuielewa FLAC ya ile programu yangu mpya. Nilichomoa flashi, nikaipuliza, nikairudisha, kana kwamba kosa ni la vumbi. Kindness alikuwa ananitazama tu.

"Na hiyo nyingine?" Rogath aliuliza, akionyesha faili ya kwanza, ile ya kabla ya kusafisha, ambayo nilisahau kuifuta.

"Hiyo chafu, mwenyekiti. Ina mikwaruzo."

"Iweke hivyo hivyo."

Ilifunguka papo hapo. Mikwaruzo ikaanza, nikainamisha kichwa. Kisha, kabla ya besi kuingia, mtu akakohoa. Kwenye ile safi nilikuwa nimekikata kikohozi hicho, tena kwa furaha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Kindness alimshika mtoto mkono. "Huyo! Huyo ndiye baba yako."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa hawezi kuanza jambo bila kukohoa. Hata alipokuja kwa babu yako kunichumbia, alikohoa mpaka babu akamletea maji."

Watu walicheka, naye akacheka huku machozi yanamtoka. Besi walikuwa wanane. Kwa kuimba tu, hata mimi niliyesimama na Severine miaka yote nisingemtambua.

"Rudisha," Kindness aliniambia.

Nilirudisha mara nne. Hakuna aliyeniuliza ile safi iko wapi.