Aliyepiga Hodi Chini ya Mkonge wa Kigombe

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na haya meno ya mbele yasiyokuwepo hayakung'oka kwa uzee.

Siku hizo alikuja mzungu mmoja pwani yetu ya Kigombe, tukampa jina la Bwana Matope. Wazungu wengine wote waliwaza mkonge; huyu alitafuta bahari ya zamani. Ndiyo, bahari ya zamani! Alitaka kujua maji yalifika wapi kabla ya babu wa babu zetu, yalipanda kiasi gani na yalirudi lini. Tulichimba kwa keekee kubwa ya chuma, mabomba yameungwa moja baada ya jingine, tukavuta udongo kutoka chini. Juu ulitoka udongo mwekundu wa shamba. Chini kabisa, na ufuko uko mbali, lilitoka tope jeusi lenye mizizi ya mikoko na maganda ya chaza. Hapo Bwana Matope alicheka kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Mikoko haioti pasipo maji ya chumvi, alituambia, kwa hiyo hapa palikuwa bahari. Kisha alichungulia darubini yake ya miguu mitatu kupima pale palikuwa juu kiasi gani kuliko maji ya leo.

Waliozungusha keekee ni mimi na shemeji yangu Mbaruku, mume wa dada yangu Mwanajuma. Mbaruku alikuwa na adabu ya kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Nilimtania kwa hilo kila siku, na nilimpenda sana.

Sasa usidhani ilikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, katikati ya shamba la mkonge. Ilikuwa siku ya bamvua, na huko mbali bahari ilikuwa imejaa mpaka mwisho wake. Bwana Matope alikuwa amepeleka tope lake kwenye lori, sisi tumebaki kung'oa mabomba. Bomba la mwisho lilipotoka, tukasikia kutoka ndani ya shimo:

"Hodi."

Sauti ya mtu mzima, ya taratibu. Mimi niliganda. Lakini Mbaruku hakupata kusikia hodi maishani mwake akanyamaza. Alijibu palepale, wala hakuinua kichwa:

"Karibu!"

Wewe ungefanyaje? Usinidanganye. Mtu wa pwani akisikia hodi, mdomo hujibu kabla ya akili. Mbaruku alishtuka mwenyewe, akanitazama, akataka kucheka. Hakuwahi.

Mtu alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo. Sikumwona akitoka; nilimwona yupo tu. Kikoi chake kilichuruzika maji na ardhi yote pale ni kavu, na magotini alishikwa na chaza, kama wanavyoshika mizizi ya mikoko.

"Nani kanikaribisha?" akauliza.

"Mimi, mzee. Shikamoo," akasema Mbaruku. Adabu hiyo! Hata pale!

"Marahaba. Hapa ni kwangu. Bahari ilipoondoka nilibaki chini. Napiga hodi, napiga hodi, hapana anijibuye. Wewe umenijibu. Mimi natoka, na wewe utanishikia mahali pangu."

Akamkaba koo kwa mkono mmoja, akamnyanyua.

Nilichukua bomba la chuma nikaupiga ule mkono kwa nguvu zangu zote. Ulivunjika, nilisikia kwa masikio yangu, na badala ya damu likatoka tope jeusi lenye harufu ileile ya shimoni. Hakuachia. Nikampiga kichwani, nikampiga tena, kichwa kikabonyea upande. Akanigeukia akanitandika ngumi moja, nikatema meno. Nilisoma Ayatul Kursi na damu inanijaa mdomoni, nikakosea, nikaanza upya. Mbaruku alitupa miguu, macho yamemtoka, na maji yakaanza kububujika mdomoni na puani mwake. Maji mengi! Yakamlowesha kifua, yakanilowesha mimi niliyemng'ang'ania kiunoni. Wallahi, shemeji yangu alizama bila kukanyaga bahari.

Yule mtu alimwangusha, akaweka kikoi chake sawa, akaondoka taratibu katikati ya mistari ya mkonge. Hajaonekana tena. Bwana Matope alikuja mbio, akaonja maji yaliyokuwa kidevuni mwa maiti, akatema. Yalikuwa ya chumvi. Polisi walinifunga, na sikuwalaumu: watu wawili shambani, mmoja maiti, mwingine ana bomba lenye tope. Kilichonitoa ni maneno ya daktari, kwamba marehemu amekufa maji. Nao wakashindwa kueleza ningemzamishaje mtu ndani ya mkonge.

Ungedhani yaliishia hapo. Laiti!

Tangu tulipomzika, kila alasiri ya bamvua, bahari ikijaa, mlangoni kwa dada yangu husikika hodi. Ni sauti ya Mbaruku, ya upole ileile. Mara ya kwanza nilikuwepo. Mwanajuma aliruka, uso umemng'aa, akafungua mdomo ajibu. Nilimziba kwa kiganja. Aliniuma mpaka mfupani, tukaanguka sakafuni, nikampiga kofi dada yangu wa tumbo moja, nikamlalia nikilia, na kule nje mtu anasema, "Mwanajuma, hodi. Mwanajuma, kuna baridi." Maji yalipoanza kupwa, akanyamaza.

Dada yangu yu hai kwa sababu yangu, na hanisemeshi. Alinitamkia neno moja tu siku ile: "Umemwacha mume wangu nje." Mpaka leo, siku za bamvua, namwendea. Hunifungulia, hukaa chini, hunigeuzia kisogo, nami humziba mdomo.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza, ukipigiwa hodi, chungulia kwanza umwone mtu. Usiponiamini, basi. Lakini ikiwa sauti ni ya mtu uliyemzika na unampenda, jizibe mdomo kwa mikono yako yote miwili. Atakuita kwa jina lako, na utatamani sana kumjibu.