Aliyeniuliza Mtoto Namwacha Saa Ngapi

Asiyeamini asiamini. Mimi nilikuwapo, na mtoto alikuwa wangu.

Ilikuwa Mkange, miaka ile tuliyohamishiwa kijiji kipya. Akaja msichana wa chuo, Zaina, kutuuliza wanawake tunavyoipitisha siku: kuamka, kutwanga, kuni, maji, mpaka kulala. Kila jioni alipita nyumba kwa nyumba akiandika saa zetu.

“Na kupumzika je, Mama Mwanaidi?” aliniuliza.

“Kupumzika kamuulize mume wangu, ndiye anayekujua huko.”

Tukacheka. Nikamzoea.

Basi siku moja akaja jua la utosi, wakati ambao hata watoto tunawaingiza ndani, maana nje si kwa watu. Hakupiga hodi wala hakusalimu. Niligeuka tu, ameshaketi mkekani. Nikadhani jua limemchosha.

“Mtoto unamwacha peke yake saa ngapi?”

Mwanaidi, hata kukaa hajajua, alikuwa amelala chumbani. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu: “Alasiri ikishaadhiniwa. Nakimbia kisimani mara moja, narudi.”

Akatabasamu. Niaminini, macho yale hayakupepesa.

Mara nikasikia mlangoni, “Hodi, Mama Mwanaidi. Leo nimewahi, jioni napanda lori la Msata.”

Ni Zaina, kainama anavua viatu. Je, wa mkekani nani? Nikageuza shingo. Mkeka mtupu. Nikakimbilia chumbani. Kitanda nacho kitupu. Nikakumbuka nilichomjibu yule, tukatoka mbio.

Tulimkuta kisimani, mimi na Zaina, amelazwa ukingoni kabisa, kichwa kimeelekea majini. Halii. Macho wazi, katulia kama mtoto anayebembelezwa. Nilimnyakua, mwili wake baridi, pamoja na jua kali lile.

Zaina aliondoka na lori lake, hakurudi tena kuuliza mtu.

Mwanaidi leo ni mke wa mtu, ana watoto wake. Ikiadhiniwa alasiri huacha alichokishika, akaondoka kuelekea kwenye maji, na ukimwita hasikii. Mumewe humshika mpaka hali ile imtoke. Amesomewa, kombe la aya amekunywa, wapi.

Nanyi wenye watoto wachanga, mkiulizwa siku zenu, semeni mmelima, mmepika. Saa unayomwacha mtoto kaa nayo moyoni. Usimwambie mgeni, usimwambie jirani, usiitamke hata ukiwa peke yako chumbani.