Mpishi wa Kaskazini na Posa ya Ariane

Ukimuulizia Eustache pale Thorncliffe Park, mtaani kwetu Toronto, watu watakuonyesha jengo, ghorofa, hata mlango, halafu watakwambia hayupo. Eustache ni mpishi wa kituo cha utafiti huko mwisho kabisa wa kaskazini, kwenye kisiwa kisicho na mti hata mmoja. Wanasayansi hukaa kule mwaka mzima wakipima hewa na barafu, ili watuambie dunia inazidi kupata joto. Mimi joto lenyewe sijalisikia. Ananiambia kule ukishika kitasa bila glovu, ngozi inabaki pale.

Jina langu Josué. Mimi na Eustache tulikutana kambini Tanzania, Warundi wawili chini ya hema moja, na hapa Toronto ndiye ndugu niliye naye. Kazi ile nilimkataza. Alikuwa akikata nyama kiwandani Brampton, mgongo ukamchosha, mtu akamwambia kuna kituo kinatafuta mpishi: miezi unakaa kule, miezi unarudi nyumbani. Nikamwambia, "We una wazimu? Tumetoka kambini ili ukajifungie tena?" Akacheka. Alisema kambini tulizuiwa na geti na askari, kule hakuna geti wala askari.

Kweli hakuna. Kuna njia moja ya kokoto iliyoshindiliwa theluji, ndiyo uwanja wa ndege, na rubani akishindwa kuiona hutoki, hata uwe na haraka gani.

Mwaka huu, mwezi wa pili, binti yake Ariane alikuwa anaposwa na kijana anaitwa Yvan. Tarehe tuliipanga tukijua Eustache atakuwa amesharudi. Ndege haikuja. Kila asubuhi alivaa manguo yake yote, akabeba begi, akatoka na mkuu wa kituo, mama mmoja anaitwa Reena, kwenda kuitazama njia. Walitembea wameshika kamba iliyofungwa kutoka nyumba hadi nyumba, maana dhoruba ikikolea mtu hupotea kati ya jiko na kitanda chake. Upepo ulikuwa unapiga kutoka ubavuni, theluji inaruka, taa za njia hazionekani. Reena akiita kwenye redio, rubani anasema hapana. Eustache anarudi, anavua manguo, anawapikia uji watu ambao hawana binti wa kuozesha.

Ijumaa alinipigia.

"Josué, météo ni mbaya, hali ya hewa haitulii. Piste, ile njia ya ndege, haionekani kabisa."

"Basi tuahirishe, Baba Ariane."

"Hapana. Watu wametoka mpaka Montréal, Mama Ariane amepika. Endeleeni. Mtanipigia, nitasikiliza."

Nilimfokea, kana kwamba upepo ni wake. Nilikuwa na hasira na nilikosa wa kumpa.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu, siku ya posa baba haongei. Anakaa kimya na msemaji wake anaongea, na kazi ya msemaji ni kukataa. Wageni wakisema wamekuja kuomba binti, unawaambia hapa hakuna binti, mmepotea njia. Wanabembeleza, unawazungusha, ukumbi unavunjika mbavu. Ukishawachosha unamwinamia baba, anakunong'oneza kwamba amekubali, unatangaza, vigelegele vinapigwa. Bila neno lile la baba hakuna posa. Baba asipokuwepo kaka yake hukaa badala yake, lakini kaka zake Eustache vita viliwamaliza wote. Msemaji nilikuwa mimi.

Ukumbi ulikuwa Agincourt, hapa hapa Toronto, na ulijaa. Simu niliishika karibu na maikrofoni ili kila mtu amsikie mzee. Msemaji wa akina Yvan, Brice, ni mtu wa maneno, nami sikumwachia. Nilimwambia nyumba hii ina wavulana watupu. Nilimwambia binti tuliyekuwa naye ameolewa na mfalme. Watu walicheka mpaka machozi. Mwishowe nikaiinamia simu.

"Baba Ariane, wageni wamechoka kusimama. Tuwape?"

"Hapana," akasema Eustache.

Ukumbi ukalipuka. Brice akapiga magoti. "Baba mkwe, tunaongeza ng'ombe!"

"Hapana. Josué, msimtoe. Mimi sijafika."

Wakacheka tena, mtu akapiga mluzi. Lakini mimi sauti ile naijua. Niliisikia kambini, siku alipoletewa habari za kaka yake wa mwisho.

Nikachukua maikrofoni. "Ndugu zangu, mzee amekataa kweli."

Wakanipigia makofi. Nikaapa, wakapiga zaidi. Nikasikia mmoja akisema msemaji huyu ni hatari. Jamani! Nimewadanganya mchana mzima na wakafurahi, sasa nasema kweli na hakuna anayeweza kuisikia. Nilitamani kulia. Libérata, mkewe Eustache, alikuwa ameshaufunika uso wake kwa kitenge, na yeye walidhani anacheka.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Ariane alitoka kabla hajaitwa, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na vicheko vikakatika. Binti huyu anaelewa Kiswahili chote, ila tangu aanze shule anatujibu Kiingereza. Akaichukua simu mkononi mwangu.

"Papa, uko serious?"

"Ndiyo, mwanangu. Mimi ndiye nilisema waendelee, lakini siwezi. Wanakuchukua, na mimi nimefungiwa huku."

"Basi siendi," akasema, kwa Kiswahili. "Nakungoja, Papa."

Akawageukia wageni. "Baba yangu hachezi. Mtarudi akifika."

Brice alikuwa bado amepiga magoti, hajui ainuke au abaki. Aliyeinuka ni Yvan. Alikuja mbele, akaisogelea ile simu, akainamisha kichwa kama vile mzee amekaa pale.

"Papa, nimesikia. Nitarudi."

Kisha kwenye spika zote za ukumbi tukamsikia mtu mzima akilia, na safari hii hakuna aliyecheka.